Mikono Miwili Iliyobaki Mtoni

Mahagi, 4 Agosti 2024

Kwa mdogo wangu Étienne,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Tuko wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kunizidi. Maharagwe yametoka vizuri. Padri mpya amefika. Mahubiri yake ni mafupi na watu bado wanamshuku. Yule Bikira wa Lurdi uliyetutengenezea angali amesimama mbele ya kanisa, rangi ya mshipi wake haijafifia, na kila mgeni anauliza nani aliyemfanya. Najibu ni mdogo wangu, kisha nakaa kimya, maana wakizidi kuuliza itanibidi niseme pia kwamba hujakanyaga hapa tangu msiba.

Ninatumia karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Ukipiga, wajukuu wanaweka sauti kubwa, na jirani anakujibu kabla yangu. Jambo hili si la jirani.

Patience amepata mtu. Anaitwa Aristide, anafundisha shule ya msingi, na mama yake tunaimba naye kwaya moja. Ni kijana mtulivu, anakula taratibu, hajanywa mbele yangu. Mwanao anampenda na hafichi. Watu wao wamekuja mara moja kwa adabu kuuliza kama wanaweza kuja tena na maneno ya mahari.

Wazee wetu wamekataa kuwajibu. Wanasema hawawezi kupokea wageni wa ndoa katika jamaa ambayo mama wa bibi arusi hayupo nyumbani na hayupo kaburini. Étienne, ni miaka miwili sasa tangu boti ya Tchomia izame ziwani. Wengine walipatikana, Chantal hakupatikana. Wazee wanataka tufanye kama tulivyomfanyia baba mdogo Alexis ziwa lilipomchukua na nyavu zake: mgomba unakatwa, unavalishwa nguo ya marehemu, unazikwa kama mtu, na matanga yanaisha. Unakumbuka. Ulikuwa mdogo, lakini ulilia kwa ajili ya ule mgomba kuliko watu wazima.

Ninakuomba mambo mawili. Utume kitenge kimoja cha Chantal, kile cha bluu chenye ndege ambacho tulinunua pamoja naye huko Bunia. Na uje, kwa sababu udongo wa kwanza hutupwa na mume. Kitenge mpe Josaphat, dereva wa basi. Hawezi kukipoteza, alimheshimu sana mke wako.

Mimi dada yako mkubwa, yaya yako,
Suzanne


Bunia, 8 Septemba 2024

Kwa Yaya Suzanne,

Barua yako imechelewa. Barabara ilifungwa, basi likalala Iga Barrière siku kadhaa, na Josaphat akalala na barua yako ndani ya koti. Ameniletea ikiwa na harufu ya samaki. Nashukuru kwa habari za maharagwe. Goti lipake mafuta ya moto, usingoje mpaka ushindwe kupiga magoti.

Hapa Bunia ni vumbi. Karakana inaendelea. Parokia moja imeagiza Mama wa Huzuni, nyingine Mama wa Karmeli, na masista wanataka Malkia wa Amani mwenye njiwa. Nilikuwa nawaza kwamba maisha yangu yote nimemtengeneza mwanamke mmoja katika nguo mbalimbali.

Labda ndiyo sababu sikushangaa sana alipoingia Mama Mitali. Ni Mhindi, mkewe yule mzee wa dawa za jumla karibu na soko. Wanatoka Kalkuta. Kila mwaka mwezi wa kumi wanakwenda Kampala kwenye sikukuu yao, kwa kuwa Wahindi wa huko ni wengi na wana hekalu. Mwaka huu mumewe alipasuliwa mgongo, hawezi kukaa garini. Mama Mitali akasema basi, kama wao hawawezi kwenda kwa mungu, mungu atakuja kwao, na akauliza katika mji huu nani anayeunda mama. Watu wakamleta kwangu.

Alikuja na kalenda ya picha, akaifungua juu ya meza yangu. Wanawake tupu, Yaya, yaani hakuna mwanaume. Mmoja ameketi juu ya ua la majini, analeta baraka na mpunga, naye haishi katika nyumba yenye ugomvi, huyo Lakshmi. Mmoja mweupe, ana chombo cha nyuzi na vitabu, ni wa masomo, huyo Saraswati. Mmoja mweusi, ulimi nje, amemkanyaga mumewe kifuani. Nikauliza mumewe kakosa nini. Akasema hakukosa, alilala chini ili kumzuia asiendelee kuharibu dunia kwa hasira, na ule ulimi ni wa aibu alipogundua anayemkanyaga ni nani. Huyo Kali. Wa katikati ndiye anamtaka: Durga, mikono kumi, silaha katika kila mkono, amepanda simba, anaua shetani aliyejificha ndani ya nyati. Uso wake mtulivu kabisa. Mama Mitali alisisitiza hapo. Mikono yote inapigana, lakini uso usijue.

Nikamuuliza anamwabudu yupi kati yao. Akasema ni mmoja. Hizi ni nyuso zake, kila kazi na uso wake.

Nimekubali. Udongo nitautoa mtoni Shari, ni mzuri, haupasuki. Kuna sharti moja la ajabu: sikukuu ikiisha, wanampeleka mtoni na kumtia majini ayeyuke. Kwa hiyo asichomwe, asitiwe simenti. Udongo na majani makavu tu. Nimefanya kazi hii tangu ujana na sijawahi kuagizwa kitu kisichodumu.

Kuhusu kitenge, nitatafuta.

Mdogo wako,
Étienne


Mahagi, 22 Septemba 2024

Kwa Étienne,

Salamu. Goti nimelipaka mafuta, linanuka kama chipsi lakini linakunjika. Patience anakusalimu. Amekonda kidogo, anasema ni kazi.

Nimesoma mikono kumi mara mbili nikidhani umekosea kuandika. Nimekwenda kumuuliza Padri mpya kama ni dhambi. Alifikiri, akasema anayeunda si lazima aabudu, na kwamba nimwache fundi na udongo wake. Sijaridhika. Nimekuandikia hata hivyo ili ujue Kanisa halijakukataza. Mimi ndiye ninayekukataza.

Lakini kuna kitu kimenikaa. Kama ni mmoja, kwa nini uso mmoja usimtoshe? Muulize huyo mama, na usimwambie ni mimi ninayeuliza.

Umeandika kurasa nne juu ya miungu ya watu na mstari mmoja juu ya kitenge. Nyumba yako ina vyumba viwili. Kabati la Chantal ni moja. Nilikwisha kulipanga mimi mwenyewe baada ya msiba, na kitenge cha ndege kilikuwa juu kabisa. Kinatafutwa wapi?

Watu wa Aristide wameuliza tena. Wameuliza kwa upole, na upole wao unaniogopesha kuliko wangekuja na makelele.

Yaya yako,
Suzanne


Bunia, 20 Oktoba 2024

Kwa Yaya Suzanne,

Samahani kwa kukaa kimya. Tumepata mvua kubwa, paa la karakana limevuja upande wa magunia ya simenti na mawili yamekuwa mawe. Afya ni nzuri.

Swali lako nilimpelekea Mama Mitali, na alijua mara moja limetoka kwa nani. Alicheka. Kiswahili chake ni cha dukani lakini kinafika. Akaniambia: "Yaya yako, kwa batoto yake iko mama. Kwa weye iko yaya. Kwa bwana yake alikuwa bibi. Ni babibi batatu?" Nikasema ni mmoja, na kwamba hata mmoja anatutosha. Nilimwambia pia kwamba sisi tuna Maria mmoja mwenye majina mengi, nikidhani atafurahi. Akatikisa kichwa. Akasema si sawasawa: Maria wetu anatuombea kwa Mungu, huyu wao haombi kwa mtu. Yeye ndiye nguvu yenyewe, na bila yeye hata mungu mwanaume amelala tu kama maiti. Nimekuandikia kama alivyosema. Usimpelekee Padri.

Sikukuu ilifanyika katika ghala lao la dawa. Walisogeza makasha ya seramu, wakatundika taa. Kila jioni ngoma na uvumba. Nilialikwa, nikakaa nyuma. Nilichojifunza ni kwamba yule mpiganaji wa mikono kumi, kwao Kalkuta, ni binti pia. Anaitwa Uma. Ameolewa mbali, milimani, na kwa zile siku chache anarudi kwa wazazi wake na watoto wake wote. Ndiyo maana siku ya mwisho wanawake wanalia. Mama Mitali alimpaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, akamlisha kipande cha sukari, halafu akamnong'oneza sikioni. Nilimuuliza alimwambia nini. Alisema anamwambia habari za nyumbani na kumwomba arudi.

Tukampeleka Shari kwa gari dogo la mizigo, upande ule wanawake wanafulia. Tukamtia majini. Na hapo ndipo kosa lilipoonekana.

Hakuyeyuka. Yaani, aliyeyuka juu tu. Udongo wa nje uliondoka, simba akaondoka, nyati akaondoka, silaha zikaondoka, na mikono minane ikaondoka kwa sababu ilikuwa udongo juu ya vijiti. Ndani kukabaki simenti. Kukabaki mwanamke mwenye mikono miwili amesimama, maji yanamfika kiunoni. Ni kosa la kazi. Mtu aliyezoea kutengeneza vitu vya kusimama kwenye mvua anatia simenti bila kufikiri.

Gauthier, yule mwashi jirani yangu aliyenisaidia kukoroga, alisimama nami pale. "Muzee Étienne," akasema, "uyu atabakia apa mupaka Yesu arudie." Halafu akamtazama sana usoni, akavua kofia. Gauthier si mtu wa kuvua kofia.

Mama Mitali aliingia majini na viatu vyake. Alimwangalia kwa karibu. "Uyu haiko ule tuliomba," akasema. "Uyu ni nani?" Nikasema ni kosa la kazi. Hakunigombeza. Alitoka, akakamua nguo yake, akaenda nyumbani kumpa mumewe chakula.

Sasa wanawake wanaofua wanamzunguka. Wengine wanasema ni Bikira. Mmoja amemwekea ua.

Kitenge bado natafuta.

Mdogo wako,
Étienne


Mahagi, 10 Novemba 2024

Kwa Étienne,

Salamu. Tumevuna. Mvua ni nyingi.

Josaphat alifika Jumamosi. Alikataa chai. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni na kofia mkononi, akaniambia: "Mama Suzanne, mi nilikwenda kuosha basi Shari. Nilimuona madame Chantal. Amesimama mu mayi." Nilidhani amekunywa. Akasema si mzuka, ni sanamu, lakini ni yeye, na sikio la kushoto limepasuka mahali pa hereni.

Sikio la kushoto, Étienne. Patience alilipasua akiwa mtoto mchanga mgongoni, alivuta hereni na kucheka. Mimi nililiosha lile jeraha kwa maji ya chumvi. Mhindi hawezi kulijua. Udongo haulijui.

Usiniandikie tena kosa la kazi. Wewe ulitenganisha udongo na simenti kabla hujajua kutenganisha kushoto na kulia. Uliambiwa umtengeneze mwanamke wa kutiwa majini, na hukuweza kumtia mwanamke majini. Ungemwambia tu yule mama hapana, angekuelewa. Badala yake umemficha Chantal ndani ya mungu wa watu, wakamwimbia siku zote hizo bila kujua wanamwimbia nani, na sasa amesimama mtoni anapigwa na mvua na wanawake wanamtundikia maua.

Nimekasirika. Pia niliomba Josaphat anieleze uso ulivyo, akanieleza, na nikamwomba anieleze tena. Hilo nakuambia ili usidhani nina hasira tu.

Yaya yako,
Suzanne


Bunia, 15 Desemba 2024

Kwa Yaya Suzanne,

Barua yako nimeipata. Niko mzima.

Umeandika ukurasa mzima na hamna neno moja juu ya Patience. Kila barua unanipa salamu zake, hii hukunipa. Ana nini? Nimejaribu simu, wajukuu wanasema yuko shambani, kisha wanasema yuko kanisani, kisha simu inakatika.

Sitajibu yale mengine.

Étienne


Mahagi, 12 Januari 2025

Kwa Étienne,

Heri ya mwaka mpya. Barua hii niliianza Noeli, nikaichana. Tumekula vizuri, kuku wawili. Padri alikuja kubariki nyumba, akauliza lile shimo nyuma ya jiko ni la nini.

Nitakuambia. Baada ya habari za Josaphat niliona hutakuja. Wazee wakaona hivyo hivyo. Siku tatu baada ya Noeli tulikata mgomba. Nguo yake hatukuwa nayo, kwa hiyo nilitoa kitenge changu cha ndege, pacha wa chake, kwa kuwa tulivinunua pamoja. Nikasema Chantal hatakataa. Shimo likachimbwa. Watu wa Aristide walikuwepo, mama yake alikuja na unga na sabuni kama inavyotakiwa. Tukaimba. Mgomba ukaletwa kwenye ukingo, na mzee wa ukoo akauliza nani atatupa udongo wa kwanza kwa niaba ya mume.

Patience akatoka kati ya wanawake. Hakupiga kelele. Akasema: "Baba haiko. Kikwembe iko ya shangazi. Siye tunamuzika nani?"

Mzee alishika udongo mkononi, akautazama, akaurudisha chini. Mama yake Aristide alinitazama mimi. Tukaacha. Mgomba ulibaki pale mpaka mbuzi walipoanza kuutafuna, nikauondoa. Shimo liko wazi. Nimeweka mabati juu, mvua inaingia pembeni, na kila asubuhi nikienda kuwasha moto nalipita.

Nilitaka kumzika mke wako bila wewe kujua, halafu nikuandikie kama jambo lililokwisha. Ndiyo maana nilinyamaza.

Watu wa Aristide wamesema mpaka Kwaresima. Hawajatishia. Baba yake ni mgonjwa, anataka kumwona mwanawe ameoa, na kuna msichana mwingine ambaye mama yake hayupo mtoni wala ziwani, yupo jikoni kwake. Patience halali vizuri. Hasemi neno baya juu yako, na ningependa aseme.

Sikuombi tena kitenge. Nakuuliza tu kiko wapi.

Suzanne


Bunia, 9 Februari 2025

Kwa Yaya Suzanne,

Salamu. Barua yako niliipata mwisho wa Januari. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumaliza kwanza, na nataka uisome kwa utaratibu ilivyofanyika.

Mama Mitali alirudi mapema Januari na kalenda ile ile. Akaweka kidole juu ya yule mweupe, Saraswati, mwenye vitabu na chombo cha nyuzi. Sikukuu yake ni Februari, ya siku moja. Wanafunzi wanaweka madaftari miguuni pake, na kesho yake anakwenda majini kama yule wa kwanza. Nikamwambia atafute mtu mwingine. Akasema: "Hapana. Utafanya weye. Lakini udongo mutupu." Nikamwuliza kama hakuniona nilivyomharibia sikukuu. Akasema hapana, sikuharibu, mwanamke yeyote anaweza kuwa uso wa yule mama, hata wangu. Shida ni kwamba Durga aliitwa kwa siku tano. Wangu nilimwita abaki, na aliyeitwa hivyo hawezi kupumzika. Alisema hayo akiangalia bei ya mchanga iliyoandikwa kwenye mlango wangu, kama mtu anayeeleza namna ya kumeza dawa.

Nilimtengeneza Saraswati kwa majani makavu, kamba, na udongo wa Shari. Nilimpaka nyeupe. Macho niliyachora mwisho, kama wanavyotaka. Uso wake haukuwa wa mtu ninayemjua. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unarudi pale pale kila nikifika kwenye shavu, nikawa naubomoa na kuanza tena.

Jumatatu tulimpeleka. Tulimtia majini karibu na yule mwingine, wakawa wamesimama wawili. Mama Mitali na mumewe, ambaye sasa anatembea na fimbo, walinong'ona yao na kuondoka. Mimi nilibaki na Gauthier. Vidole vilitangulia. Kisha nyuzi, kisha pua. Maji yakawa meupe kidogo kama ya kuoshea mchele. Kichwa kiliinama taratibu, kikaanguka upande mmoja, na baadaye yakabaki majani tu, yakafuata mkondo. Nilitazama mpaka maji yalipokuwa maji. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitaona kitu kibaya. Sikuona kitu kibaya.

Hapo nikamwomba Gauthier nyundo.

Kitenge kiko wapi, umeuliza. Sanamu ya simenti haisimami kwa simenti peke yake, Yaya. Unafunga chuma, unazungushia waya, halafu unaviringisha nguo iliyolowekwa kwenye simenti, kuanzia kichwani, ili ishike. Kwa kawaida ni gunia. Barua yako ya kwanza ilikuwa mezani nilipofika hapo. Nilifungua kabati, nikachukua kile cha juu kabisa. Sikukipoteza hata siku moja. Nilikuandikia natafuta kwa sababu ningeandika kiko wapi ningelazimika kukitoa, na kukitoa ni kumvunja.

Nimemvunja. Nilianza mabegani, sikuweza kuanza usoni. Wanawake wanaofua walisimama wote wakanitazama, mmoja akaniita mwenda wazimu, Gauthier akamjibu: "Muache. Ni bibi yake." Basi wakaja, wakashika chuma upande wa pili, wakavuta nasi. Nililia mbele yao. Nakuandikia mwenyewe ili usilisikie kwa Josaphat.

Kitenge kimetoka. Hakikunjiki, ni kigumu kama ubao, ndege wanaonekana upande mmoja tu, na simenti imeng'ang'ania hapa na pale. Sijajaribu kuibandua.

Sitampa Josaphat. Nitapanda basi lake pamoja nacho Jumatano, barabara ikiruhusu, na ikifungwa nitalala Iga Barrière kama barua. Mwambie Patience. Mwambie na mzee wa ukoo. Ondoa mabati.

Mdogo wako,
Étienne


Mahagi, 16 Machi 2025

Kwa Étienne,

Salamu nyingi. Natumaini ulifika Bunia bila shida na kwamba paa la karakana limepata mtu. Goti langu liko vilevile. Huku tumeanza kupanda.

Patience aliondoka hapa Jumamosi kabla ya Kwaresima, kama ulivyokubaliana nao. Alivaa vizuri. Alipofika barabarani aligeuka mara moja, akaona nalia, akacheka, akaendelea. Nilimkumbuka yule binti wa kwenu wa mikono kumi anayerudi kwa mumewe milimani, na niliona aibu kumkumbuka siku kama hiyo, lakini nilimkumbuka. Baba yake Aristide alikaa kwenye kiti mpaka mwisho wa sherehe.

Kaburi limetulia, halijatitia. Nimepanda maua pembeni, yale mekundu ambayo hayahitaji kutunzwa.

Kuna kitu sikukuambia ulipokuwa hapa. Ulipokuwa umesimama na udongo mkononi, na wanaume wakikaza kile kitenge chako kigumu kuzunguka mgomba, kipande cha simenti kilibanduka kikaanguka miguuni pangu. Nilikikanyaga ili watu wasikione. Walipokwenda kunawa, nikakiokota. Ni sikio la kushoto, na limepasuka mahali pa hereni. Umelifanya vizuri sana. Hata ule mkunjo mdogo umeuweka.

Najua lilipaswa kwenda chini pamoja na vingine. Usimwambie Padri, na usimwambie Mama Mitali pia, atasema nimemwita mtu abaki. Sijamwita. Nimeliweka tu dirishani, karibu na yule Bikira mdogo uliyenipa nilipobaki mjane, na vumbi nalifuta Jumamosi kama vingine vyote.

Juzi nyumba ilikuwa tupu, wajukuu wako shuleni, jirani yuko sokoni. Nilifunga mlango. Nikasogea karibu, nikaliambia kwamba Patience amefika salama kwa mume wake.

Yaya yako,
Suzanne